Ndege wa Magadi na Nyika: Maswali Yenu

Nilipeleka watoto Ziwa Nakuru kuona heroe (flamingo), tukakuta maji matupu. Wamekufa? (Msomaji, Likoni)

Wamehama, mama. Tangu miaka ya 2010 ziwa limejaa sana, na magadi yake yakazimuliwa. Heroe mdogo hula vijimea vinavyostawi kwenye magadi makali, kwa hiyo wengi walikwenda Bogoria na kwingineko. Ndiyo maana kulinda ziwa moja hakutoshi.

Maji ya magadi yanachoma ngozi. Si heri pajengwe kiwanda cha kuchimba magadi? (Msomaji, Changamwe)

Ziwa Magadi limechimbwa zaidi ya miaka mia, na hapo sina ugomvi. Ziwa Natron, upande wa Tanzania, ni jambo jingine: karibu robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa huko. Kiota ni kichuguu cha tope chenye yai moja, na maji yale yanayochoma ndiyo ukuta wake. Yakizidi, viota huzama. Yakikauka, fisi hujiendea kwa miguu. Sasa wewe anza kuchota!

Shamba letu Dakatcha ni vichaka tu. Tuache kuchoma mkaa kwa sababu ya ndege? (Msomaji, Magarini)

Ndugu yangu, siwezi kukwambia uache huku watoto wana njaa. Lakini "vichaka tu" ndiyo kauli ya madalali. Ndege aitwaye mnana wa Clarke hapatikani popote duniani ila Kilifi. Hula kwenye miti ya mirihi, akataga kwenye nyasi za ndago za vidimbwi vya msimu, na hadi 2013 hakuna mtaalamu aliyejua viota vyake viko wapi. Vikaonekana huko huko kwenu. Mwekezaji aliwahi kutaka kufyeka maelfu ya ekari apande mibono ya mafuta, wenyeji wakapinga, mpango ukafa. Mkaa unauzwa mara moja. Mirihi ikisimama, mizinga ya nyuki huvunwa kila msimu. Vidimbwi msivilime hata mvua ikichelewa.

Bundi wa Sokoke ana uchawi? (Msomaji, Kisauni)

Hana. Urefu wake haufiki shubiri moja ya mkono, anakula wadudu. Mwacheni.

Nianzie wapi kutazama ndege? (Msomaji, Bamburi)

Hori ya Mida, karibu na Watamu, maji yakipwa. Kuna daraja la mbao katikati ya mikoko, na kiingilio chake husaidia karo za watoto wa pale. Kuanzia Septemba hadi Aprili utamwona ndege mweupe mwenye mgongo mweusi akivunja kaa kwa mdomo mnene. Panda matatu ya Malindi, ila uliza wavuvi majira ya maji kabla hujalipa nauli.