Je, dola ni kitu au ni uhusiano?

Ndugu yangu, umeuliza kama mfuasi wa anarkia, yaani mtu anayepinga watu kutawaliwa na dola, analazimika kueleza kwanza dola, yaani mamlaka inayotawala nchi, ni kitu cha namna gani kabla ya kulikataa. Naona hana njia ya kulikwepa swali hilo. Mwanafalsafa Mjerumani Max Stirner, mwaka 1844, alilihesabu dola miongoni mwa mizuka iliyomo vichwani mwetu. Mfuasi wa anarkia wa Kijerumani, Gustav Landauer, mwaka 1910, alisema kuwa ni uhusiano baina ya watu, ambao huvunjwa kwa kuhusiana kwa namna nyingine. Naegemea kwa Landauer, maana mzuka haudai kodi. Huku kwetu Uganda, Wakaramojong, wafugaji wa kaskazini-mashariki, waliamua mambo yao katika baraza la wazee liitwalo akiriket, bila mfalme, hadi Waingereza walipowawekea machifu: watu na malisho yalikuwa yale yale, kilichogeuka ni nani anamtii nani.