Mwanangu, hiyo barua ya kuacha kazi usiitume kwanza

Mwanangu, marahaba.

Meseji yako ya juzi usiku nimeisoma na kuirudia, mama yako nimemsomea, wengine hawajui na hawatajua mpaka wewe mwenyewe utake. Umeniuliza, "Baba niache kazi? Au ni uvivu tu najiendekeza?" Unasema simu ya meneja ikiita moyo unaenda mbio na viganja vinalowa jasho, usiku unaamka saa tisa unapiga hesabu za marejesho ya mikopo ya vikundi unavyovifuatilia mpaka adhana, asubuhi unalia kwenye daladala unajifuta machozi kabla ya kushuka, jumapili unalala siku nzima hata kuoga unaona mlima, chakula hakipandi, na hali hii ina zaidi ya mwezi sasa. Na barua ya kuacha kazi umeshaiandika, ipo kwenye simu, bado kutuma tu.

Naanza na hiyo barua maana ndo inayoninyima usingizi. Usiitume. Sisemi ubaki hapo milele, kuhusu kazi yenyewe ntasema mbele, ila saivi anayetaka kuacha kazi ni ugonjwa, sio wewe, na ugonjwa huu una tabia ya kukuonyesha mlango mmoja tu wa kutokea.

Unajua nimekuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pale kiwandani miaka mingi, barua za kuacha kazi zimepita sana mikononi mwangu. Kulikuwa na fundi mmoja wa zamu ya usiku, kijana mzuri, mchapakazi, akaanza kupungua mwili, hasemi na watu, anakosea vitu vidogo alivyokuwa anavifanya macho yamefumba. Akaandika barua usiku, asubuhi akaiacha getini akaenda zake kwao. Miezi ikapita akatibiwa akapona vizuri tu, akarudi kuuliza nafasi yake, imeshachukuliwa. Sasa alikuwa mzima lakini hana kazi na ana madeni, na madeni yakamrudisha kule kule alikotoka. Na dada mmoja wa kitengo cha kufungasha, hali ile ile kabisa, yeye alikuja ofisini kwetu analia kabla hajaandika chochote, tukampeleka hospitali, akapewa ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, akarudi akapangiwa zamu ya mchana tu kwa muda. Yule alistaafu kwa heshima zake. Nimewaona wote wawili kwa macho yangu ndo maana nakuwa mkali kwenye hili.

Halafu hilo neno uvivu lifute kabisa. Mvivu akikosa kwenda kazini anafurahi, anageuka upande wa pili anaendelea kulala, wewe ukichelewa dakika kumi unajichukia siku nzima. Huzuni na kukosa hamu ya kila kitu ikishazidi wiki mbili, usingizi umeharibika, kula kumeharibika, akili haitulii, madaktari wanaita sonona, na hiyo hofu ya simu ni mwenzake, mara nyingi vinatembea pamoja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kila mwaka dunia nzima inapoteza siku za kazi kama bilioni 12 kwa sababu ya sonona na wasiwasi uliopitiliza. Hao wote watakuwa wavivu kweli?

Na ule moyo kwenda mbio ujue unatokana na nini, maana ukijua unapungua makali. Mwili wako unaamini kuna hatari, unamwaga adrenalini kama vile unakimbizwa, moyo unadunda, pumzi zinakuwa fupi, kichwa kinakuwa chepesi unahisi unakufa. Inapanda, inafika kileleni ndani ya dakika chache, halafu inashuka yenyewe, hata usipofanya kitu itashuka. Ikija kaa chini, vuta pumzi taratibu kwa pua halafu itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, rudia rudia, na jiambie hii inapita. Na zile enaji dringi ulizoniambia unakunywa ili uchangamke acha, kafeini inachochea moto ule ule, kahawa pia punguza.

Sasa hospitali. Kwa vile upo Mbagala nenda Temeke, hospitali za rufaa za mkoa, Temeke, Amana, Mwananyamala, zina kliniki za afya ya akili, na Muhimbili wapo madaktari bingwa. Usiogope hilo jina kliniki ya akili, pale benchi utakutana na walimu, polisi, wanafunzi wa chuo, watu wazima na ndevu zao. Mwambie daktari yote kama ulivyoniandikia mimi, ukishindwa kusema mpe simu asome. Muulize na vipimo, damu na tezi la shingo, maana upungufu wa damu au tezi likiwa halifanyi kazi vizuri unaweza kuchoka na kuhuzunika hivyo hivyo. Anaweza kukupa ushauri nasaha wa vikao, anaweza kukupa dawa, anaweza kukupa vyote.

Ukipewa dawa sikiliza hapa vizuri maana watu wengi wanakwama hapa. Hizi dawa, kama fluoksetini au amitriptilini, hazifanyi kazi kama panadol, zinachukua wiki kadhaa mpaka uone nafuu, na mwanzoni unaweza kuona maudhi tu, kinywa kukauka, tumbo kuvurugika, usingizi mwingi au usingizi kukataa, inategemea ni ipi. Watu wanakunywa wiki moja wanasema haifai wanatupa. Wengine wanapata nafuu wanaacha siku hiyo hiyo, ugonjwa unarudi, wakati daktari anataka uendelee miezi kadhaa baada ya kupona halafu mpunguze taratibu pamoja. Na usinunue diazepamu duka la dawa kwa sababu rafiki kakwambia inalaza, kweli inalaza, ila mwili unaizoea haraka na kuiacha ni kazi nyingine.

Upande wa kazi haki yako ipo kwenye maandishi, sio hisani ya meneja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu mshahara, mradi ulete cheti cha daktari anayetambulika. Sheria haijasema ugonjwa uwe wa mguu au wa tumbo, ugonjwa ni ugonjwa. Na wasikwambie "chukua tu annual yako ukapumzike", zile siku 28 za likizo ya mwaka ni kitu kingine, mwajiri haruhusiwi kukukatia hizo badala ya likizo ya ugonjwa. Kukufukuza kwa sababu unaumwa nako hakuwezi kuwa kienyeji, anatakiwa awe na sababu ya haki na afuate utaratibu, aangalie kwanza kama kuna kazi nyepesi anaweza kukupa, na akikiuka una siku 30 za kupeleka lalamiko CMA, ile tume ya kusuluhisha na kuamua migogoro ya kazi. Ila ukiacha mwenyewe kwa barua yako, hapo umewarahisishia, na hata lile fao la kukosa ajira la NSSF aliyeacha kwa hiari hapati. Ndo maana nasema barua ikae kwanza.

Umeuliza na hili, "nimwambie bosi?" Jibu langu ni mwambie ya kutosha. Hulazimiki kumsimulia unalia kwenye daladala. Nenda kwa mtu wa rasilimali watu, kama meneja wa tawi ni yule wa kufoka usianzie kwake, sema unaumwa, uko kwenye matibabu, cheti hiki hapa, na unaomba kitu kinachoeleweka. Usiende kusema "naomba mnisaidie" ukaishia hapo, watakupa pole na utarudi na pole yako. Sema naomba kwa miezi miwili niondolewe kufuatilia wadaiwa sugu, nishughulike na mafomu na vikundi vinavyolipa vizuri, na simu za kazi ziishe saa kumi na mbili jioni. Ukishaongea andika kwa imeili, kwa adabu, hifadhi kopi. Kwenye grupu la WhatsApp la ofisini usiandike neno hata moja kuhusu afya yako hata siku watakayokuwa wanataniana vizuri.

Kwa wenzako chagua mmoja tu unayemwamini. Yule uliyenitajia mnayekula naye mchana anatosha, awepo mtu wa kukuangalia ukipata ile hali ghafla na wa kukwambia "twende nje kidogo".

Ukiwa umeanza matibabu na bado unaenda kazini, usitegemee kuwa yule wa zamani wiki ya kwanza. Asubuhi amka saa ile ile hata kama usingizi ulikuja alfajiri, usilipizie mchana, oga, toka nje upate jua, kunywa hata uji nusu kikombe. Ukifika ofisini usifungue orodha nzima ya wadaiwa, chukua kazi tatu, ngumu iwe moja tu, ukizimaliza hiyo siku imelipa. Jumapili kabla hujarudi kitandani toka utembee hata mpaka sokoni, maana hamu haiji kwanza kwenye ugonjwa huu, unafanya bila hamu halafu hamu inakuja nyuma nyuma, inaudhi lakini ndivyo ilivyo. Simu usiku iache sebuleni.

Shangazi yako akisikia atasema umerogwa, namjua, na atataka upelekwe kwa mtu. Mwambie baba kakataa, lawama nipe mimi. Dua nakuombea kila baada ya swala na wewe swali, shehe akikusomea ni sawa kabisa, ila yeyote atakayekwambia acha dawa kwa sababu ya dua huyo usimsikilize.

Lakini shangazi huyo huyo ana sikio zuri, na kuongea na mtu mzima anayesikiliza sio jambo dogo. Zimbabwe, Harare, kuna daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda, mwaka 2006 aliona madaktari hawatoshi akaanza na bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wakafundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, asimulie matatizo yake yote, halafu wachague moja tu la kuanza nalo na hatua ya kufanya wiki hii. Basi. Wakafanya utafiti ukachapishwa 2016, waliokaa na wale bibi walikuwa na dalili chache sana baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Yaani bibi kama bibi yako. Kwa hiyo ukija nyumbani tukae, utoe yote mezani, tuchague moja.

Sasa kuna swali na mimi nakuuliza, na nijibu kweli. Umewahi kuwaza bora ufe, au kujidhuru? Kukuuliza hakukupandikizii wazo, na ukinijibu ndio sitapiga kelele wala sitakuhukumu. Kama lipo, hata dogo, nipigie sasa hivi, hata saa nane usiku, simu yangu ipo na sauti juu kitandani. Na kama limekuwa zito usisubiri mimi, gonga mlango wa jirani yako mama wa watoto mapacha, mwende emajensi hospitali ya karibu na usikae peke yako chumbani.

Kuhusu kazi yenyewe. Nadhani sio ugonjwa wote umetoka kichwani mwako. Uliniambia siku mlipobeba friji na godoro kwa yule mama wa genge, watoto wake wanaangalia, na tangu hapo hukulala vizuri. Kukusanya madeni kwa watu wenye dhiki, huku tageti ya mwezi inakusubiri na pengo la mteja aliyekimbia linakatwa kwako, inamchosha mtu mwenye huruma kuliko mwingine, na wewe umechukua roho ya bibi yako, ndo maana nakuita mama. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mwisho wa yote utaondoka hapo, na nitakuunga mkono, tutatafuta kazi nyingine wewe ukiwa na mshahara unaingia, tutahesabu kodi ya nyumba na ada ya mdogo wako ile unayosaidia, ambayo kuanzia mwezi huu mimi na mama yako tumeichukua usiifikirie. Nataka uamue ukiwa unalala usiku na unakula, sio sasa.

Jumatatu napanda treni ya umeme ya asubuhi, nikifika nakuja moja kwa moja kwako twende wote Temeke, nitakaa nje kwenye benchi wewe ukiingia kwa daktari, ukitaka niingie nitaingia. Ofisini wajulishe kesho kwamba jumatatu una hospitali, mstari mmoja tu. Kadi ya bima na kitambulisho weka kwenye mkoba leo leo, na andika kwenye karatasi siku gani ilianza, unalala saa ngapi, dawa gani umeshawahi kunywa. Mama yako anakutumia unga wa ulezi na samaki wakavu, anasema ule kwanza ndo umjibu.

Baba yako
Morogoro