Wimbo wa Opera na Kisa Chake: Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Barua tatu kutoka Tanga zimetufikia zikiulizia jambo linalofanana kuhusu nyimbo za opera, yaani tamthilia zinazoimbwa, nasi tumeona tuzijibu pamoja. Ya kwanza ndiyo iliyochukua nafasi kubwa, kwa sababu inastahili.

SWALI: Mhariri, salamu sana. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Chumbageni. Tunajiandaa kwa tamasha la kuchangia ukarabati wa kanisa, na nimechagua wimbo "Va, pensiero" kutoka katika opera ya Verdi iitwayo Nabucco. Nota nimekwisha kuziandika kwa solfa, na sauti zote nne zimeshika. Nilipotaka kutenga jioni moja ya mazoezi niwasimulie wanakwaya kisa cha opera hiyo, baadhi ya wazee wa kwaya walipinga, wakisema kwamba maneno ni ya Kiitaliano, wasikilizaji hawatayaelewa, na kinachotakiwa ni sauti kupatana tu. Je, kuna haja ya wanakwaya kuijua hadithi? Na kama ipo, wajue kiasi gani? (Mwalimu wa kwaya, Chumbageni)

JIBU: Mwalimu, jioni hiyo itenge. Wazee wako wana hoja, maana sauti zisizopatana haziokolewi na hadithi yoyote. Hata hivyo, wimbo huu ni miongoni mwa zile zinazoharibika hata sauti zikipatana, ikiwa waimbaji hawajui wanaimba wakiwa nani na wakiwa wapi. Tena namna unavyoharibika inajulikana: kwaya huuanza kwa nguvu, kifua mbele, kana kwamba ni wimbo wa taifa, ilhali Verdi aliagiza uanze kwa mwendo wa polepole na kwa sauti ya chini, kwaya nzima ikiimba tuni moja bila kugawanyika. Mwanakwaya asiyejua sababu ya agizo hilo atalitii kwa juma moja, kisha usiku wa tamasha, akiuona ukumbi umejaa, atalisahau.

Sababu yenyewe imo katika kisa. Nabucco ni Nebukadreza, mfalme wa Babeli, ambaye katika sehemu ya kwanza ya opera anauteka Yerusalemu na kuliharibu Hekalu. Katika sehemu ya pili anajitangaza kuwa yeye si mfalme tena bali ni mungu. Radi inampiga, taji linamwanguka, naye anarukwa na akili. Taji hilo linaokotwa na Abigaille, mwanamke aliyelelewa kama binti wa mfalme lakini ambaye amekwisha kugundua kwamba alizaliwa na watumwa. Anapokalia kiti cha enzi, Abigaille anamlaghai Nabucco aliyechanganyikiwa ili atie muhuri hati ya kuwaua Waebrania wote, na miongoni mwa watakaouawa yumo Fenena, binti wa kweli wa mfalme huyo, ambaye ameifuata imani ya mateka. Baada ya hapo ndipo pazia linafunguka tunakuta Waebrania wamefungwa minyororo kando ya mto Frati, wakifanyishwa kazi. Hao ndio wanaoimba "Va, pensiero".

Waambie wanakwaya wako wakae na picha hiyo kwa muda. Wanaoimba ni watu waliochoka, wanaolindwa na askari, na hukumu ya kifo imekwisha kupitishwa juu yao. Watu wa namna hiyo hawaanzi kwa kupaza sauti. Wanachofanya ni kulituma wazo lao liende mahali ambapo miguu yao haiwezi kufika: liruke kwa mabawa ya dhahabu, litue kwenye miteremko na vilima ambako hewa ya nchi waliyozaliwa inanukia, likazisalimu kingo za Yordani na minara ya Sayuni iliyobomolewa. Kisha wanaililia nchi yao nzuri iliyopotea.

Mahali ambapo kwaya inagawanyika katika sauti zake na kuimba kwa nguvu zote kwa mara ya kwanza ni pale kinapotajwa kinubi. Wanakwaya wako wanaoijua Zaburi ya 137, ile ya watu walioketi kando ya mito ya Babeli na kutundika vinubi vyao mitini, watapatambua mara moja. Mtunzi wa maneno, Temistocle Solera, aliichukua zaburi hiyo na kuwafanya mateka wakiulize kinubi chenyewe kwa nini kimetundikwa kimya. Nguvu ya pale inatokana na uchungu wa swali hilo, na ndiyo maana mwalimu anayewataka waimbaji "wapandishe sauti" bila kuwaambia kinachoulizwa atapata kelele tu. Baada ya hapo wimbo unakipa kinubi uchaguzi: ama kitoe mlio wa maombolezo makali, ama Bwana akijalie wimbo utakaowatia nguvu wanaoteseka. Maneno hayo ya mwisho, yanayoomba nguvu katika mateso, yanarudiwa sauti ikizidi kufifia. Ukiwaachia waimbaji wamalize kwa kishindo ili wapigiwe makofi, utakuwa umeufuta uchaguzi wenyewe.

Lipo jambo jingine ambalo wengi wanaouimba wimbo huu peke yake hawalijui. Katika opera wimbo haumalizi onyesho. Mara tu unapokwisha, anaingia kuhani mkuu, Zaccaria, na kuwakemea. Anauliza ni nani wanaolia namna hii kama wanawake wanyonge, kisha anatabiri kwamba minyororo itakatika na Babeli itakuwa magofu yenye mifupa, fisi na nyoka. Zaburi ya 137 nayo inamalizia kwa maapizo juu ya Babeli, lakini hapa kwaya haikupewa maneno ya maapizo. Adhabu ya Babeli inatangazwa na Zaccaria. Kwa hiyo wanakwaya wako wasitafute hasira ndani ya wimbo wao. Haimo. Wao ni watu ambao dakika moja baadaye watakemewa kwa unyonge wao, na wimbo unapaswa kuwa na unyonge wa kiasi hicho.

Watu wa Tanga, mji uliovilea vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, wanalijua jambo hili kuliko wanavyodhani. Wimbo wa taarabu ukipigwa, msikilizaji hatosheki na sauti ya mwimbaji. Anataka kujua fumbo limefumbiwa nani na kumetokea nini hata likafumbwa. Wimbo wa opera unataka udadisi huohuo.

Sasa kiasi gani? Kwa maoni yangu kila mwanakwaya ajue mambo haya: anayeimba ni nani, anamwambia nani, nini kimetokea kabla, na nini kinafuata. Mengine msimulie anayependa. Hata hivyo jiandae kwa swali moja, kwa kuwa ninyi ni kwaya ya kanisa na lazima atatokea mtu wa kufungua Biblia. Kurukwa na akili kwa Nebukadreza kumo katika kitabu cha Danieli, lakini Abigaille na Fenena hamtawaona humo. Walitoka katika tamthilia ya Kifaransa ya mwaka 1836 ambayo Solera aliitumia. Opera si ufafanuzi wa Maandiko, na ni vizuri useme hivyo mapema kabla mazoezi hayajageuka kuwa mjadala wa mafundisho ya dini.

Vilevile uwe mwangalifu na simulizi zinazouzunguka wimbo huu. Opera ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 9 Machi 1842 katika jumba la La Scala mjini Milano, wakati ambapo mji huo ulikuwa chini ya utawala wa Austria. Kwa muda mrefu imesimuliwa kwamba usiku ule watu waliulazimisha wimbo urudiwe kwa sababu walijiona wenyewe katika wale mateka. Watafiti waliorudi kwenye maandishi ya wakati ule walikuta kwamba uliorudiwa ulikuwa wimbo mwingine, ule wa kumsifu Mungu ulio karibu na mwisho wa opera. Sifa ya "Va, pensiero" kama wimbo wa nchi ilikua baadaye. Jambo ambalo halina shaka ni kwamba Verdi alipofariki mwaka 1901, na mwili wake ukahamishiwa mwezi mmoja baadaye kwenye nyumba ya wanamuziki wazee aliyoijenga mjini Milano, kwaya ya watu wapatao 800 iliuimba chini ya uongozi wa kondakta Toscanini.

Kuhusu wasikilizaji kutoelewa Kiitaliano, dawa yake ni ndogo. Kabla ya wimbo, mwanakwaya mmoja mwenye sauti nzuri ya kusoma asimame aeleze kwa Kiswahili, kwa sentensi nne au tano, mateka hao ni akina nani na wanakiuliza nini kinubi. Usimwachie mshereheshaji kazi hiyo, ataongeza utani.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni msichana ninayejifunza kuimba, naishi Raskazone. Familia imeniomba niimbe katika ibada ya kumbukumbu ya marehemu babu yangu, nami nimejifunza "O mio babbino caro" kwa kusikiliza simuni. Nimeambiwa maana yake ni "Ee baba yangu mpenzi", nikaona unafaa sana. Je, unanishauri nini kuhusu kuuimba kwa hisia? (Mwimbaji mwanafunzi, Raskazone)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nakushauri usiuimbe siku hiyo. Tafsiri uliyopewa ni sahihi, lakini kisa kitakuponza iwapo yupo mmoja kati ya waalikwa anayekijua.

Wimbo huo umo katika opera fupi ya Puccini iitwayo Gianni Schicchi, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza New York mwaka 1918, nayo ni kichekesho. Mzee tajiri wa Firenze, Buoso Donati, amefariki, na ndugu zake wanajiliza kando ya kitanda huku wakiutafuta wosia. Wakiuona, wanakuta mali imeachiwa watawa. Kijana mmoja wa ukoo huo anamtaka Lauretta, binti wa Gianni Schicchi, mtu mjanja ambaye ukoo unamdharau. Schicchi anaitwa asaidie, anadharauliwa, anataka kuondoka. Ndipo Lauretta anapomwimbia. Anamwambia baba yake kwamba anampenda kijana huyo, kwamba anataka kwenda kununua pete, na kwamba akikataliwa atakwenda kwenye daraja la Ponte Vecchio ajitupe mtoni. Baba analainika. Anachofanya baada ya hapo ni kulala kitandani kwa marehemu, kujifanya ndiye yeye, na kumtamkia mthibitishaji wa hati wosia mpya ambao unampa Schicchi mwenyewe mali iliyo bora kuliko zote.

Unaona tatizo. Kuimba hivyo katika kumbukumbu ya babu, mbele ya ndugu ambao pengine mirathi bado wanaizungumza, ni kujitafutia maneno. Wimbo usiuache lakini. Utunze kwa ajili ya tamasha, na siku hiyo usiuimbe kama maombolezo. Lauretta ni binti anayejua udhaifu wa baba yake na anautumia. Kuna mapenzi ya kweli ndani yake, na kuna ujanja kidogo, na mwimbaji anayetoa machozi tupu anakuwa ameuimba nusu. Ninakiri kwamba waimbaji wakubwa wengi hupenda kuuimba kwa huzuni tupu, na unapendeza hivyo pia. Mimi naona wanauibia utamu wake.

SWALI: Mhariri, sisi ni kundi la matarumbeta la Ngamiani. Katika harusi za kanisani tunaombwa sana ule muziki wa kumwingiza bibi harusi. Mchungaji mmoja ametuambia umetoka katika opera ya ndoa iliyovunjika, akatukataza kuupiga. Je, ni kweli? (Kiongozi wa kundi, Ngamiani)

JIBU: Ni kweli, ndugu yangu. Umetoka katika Lohengrin ya Wagner, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Weimar mwaka 1850 chini ya uongozi wa mwanamuziki mwenzake Liszt, wakati Wagner mwenyewe akiwa uhamishoni Uswisi. Elsa anasingiziwa kumuua mdogo wake, naye anaokolewa na shujaa asiyejulikana anayekuja kwa mashua inayovutwa na bata maji mweupe. Shujaa anakubali kumwoa kwa sharti moja, kwamba asimwulize kamwe jina lake wala atokako. Usiku wa harusi, wakiwa peke yao, Elsa anauliza. Asubuhi shujaa anajitaja na kuondoka, na Elsa anaanguka na kufa.

Muziki wenu unaimbwa muda mfupi kabla ya swali hilo, na hauhusiani na kuingia kanisani. Ndoa imekwisha kufungwa, na watu wanawasindikiza maharusi hadi chumbani kwao; yaani ni saa ileile ambayo huku pwani bwana harusi huingizwa ndani. Kwa hiyo mchungaji anayekataza ana sababu, na wapo wenzake katika nchi nyingine wanaokataza vilevile. Ndani ya kanisa lake mtiini.

Nje ya kanisa sioni ubaya, mradi mfikirie mahali pake. Katika opera wanaoimba ni wasindikizaji wasiojua lolote la hatari, wenye furaha na heshima, na mwendo wao ni wa kiasi. Pigeni hivyo maharusi wanapofikishwa nyumbani: ngoma kubwa ipunguzwe, tarumbeta ya kwanza ibebe tuni bila manjonjo, na mwendo uwe wa watu wanaotembea. Mkitaka kuwachezesha watu, badilisheni wimbo baada ya mlango kufungwa.