Pete ya kisima ina "ukubwa" gani?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Fundi ameniandikia ninunue pete za zege za kisima 'zenye ukubwa wa sentimita 120, unene 10'. Mwanangu wa shule ya msingi anasema hakuna kipimo kinachoitwa ukubwa. Nani yuko sahihi?"

Mwanao, na umpongeze. Neno hili limenikera miaka na miaka. Ukubwa ni wa kulinganishia: kisima hiki ni kikubwa kuliko kile. Likishaandikwa mbele ya tarakimu halimwambii mtu futikamba aishike wapi.

Itazame hiyo pete. Ni maduara mawili yenye kitovu kimoja, la nje na la ndani. Sentimita 120 ni kipenyo cha lipi? Kama ni la nje, nusu kipenyo cha nje ni 60 na cha ndani ni 50. Kipeo cha pili cha 60, yaani 60 mara 60, ni 3600, cha 50 ni 2500. Toa, unabaki na 1100. Zidisha kwa pai, yaani 3.14, eneo la pete ni sentimita za mraba 3454. Lakini kama fundi alikusudia la ndani, nusu vipenyo ni 70 na 60, na eneo linapanda hadi 4082. Kimo cha pete kikiwa sentimita 50, hapo pana lita 31.4 za zege zaidi kwa kila pete! Tena shimo ulilochimba kwa pete ya 120 halitaipokea ya 140. Hasara yote hiyo imeletwa na neno moja la uvivu, ilhali kipenyo tunalo. Limetoka kwenye kupenya: mstari unaopenya duara toka ukingo hadi ukingo kupitia kitovuni. Eneo nalo ni kuenea. Duara ndilo tulilopewa na Kiarabu.

Wapo pia wanaoandika "mzunguko wa pete" wakitaka mzingo. Damu ina mzunguko, fedha ina mzunguko. Urefu wa ukingo wa duara ni mzingo.

Na kwa mwanao: ni tofauti ya vipeo, si kipeo cha tofauti. Anayetoa kwanza, 60 kutoa 50, kisha akatafuta kipeo cha pili cha 10, ataishia na 314, chini hata ya sehemu moja ya kumi ya jibu. Hesabu zake za kuzidisha ni safi kabisa. Alichokosea ni kusoma sentensi.

Mafundi wakisema "ukubwa" kijiweni, siwakatazi, wanaonyeshana kwa mikono wakaelewana. Kwenye karatasi ya manunuzi sikubali. Mrudishie aandike upya: kipenyo cha nje, unene wa ukuta, kimo. Kabla ya hapo usitoe hela.