Mkusanyiko alioupanga mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linatutaka tuchague albamu moja tu ya mkusanyiko, iliyobeba miaka ya mwimbaji mmoja: utabaki na ipi, kwa nini, na anayeisikia kwa mara ya kwanza aanzie wimbo upi? Najua barua nyingi zitamtaja Mbaraka Mwinshehe, na zina haki. Hapa kwetu Bagamoyo wapo wazee ambao bila zile albamu zake za Ukumbusho Jumapili haijaanza. Mimi nabaki na Decade ya Neil Young, na sababu yangu inaanzia hapohapo kwa Mbaraka.

Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979. Ukumbusho zilipangwa na kampuni, mwenyewe ameshaondoka. Nyimbo ni tamu, hilo halina ubishi, ila yeye angetanguliza upi na angeuficha upi? Hakuna aliyewahi kumuuliza. Neil Young, mzaliwa wa Toronto, Kanada, kazi hiyo aliifanya mwenyewe kabla hajatimiza miaka 32. Decade ilitoka 1977: santuri tatu, nyimbo 35, kuanzia 1966 alipokuwa na kundi la Buffalo Springfield hadi 1976. Halafu akaandika kwa mkono wake maelezo mafupi ya nyimbo hizo.

Yangu ni ya CD mbili. Niliachiwa na mwanafunzi wa kigeni aliyekuja kujifunza ngoma pale Chuo cha Sanaa, siku hizi TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Mwandiko wa kwenye kijitabu ni mdogo, inabidi usogee dirishani, lakini mimi nilinaswa na kijitabu kabla ya muziki.

Chukueni wimbo wa Ohio. Mei 4, 1970, askari waliwafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana katika Chuo Kikuu cha Kent State, Marekani, wakaua wanne. Young akatunga wimbo, akaurekodi na wenzake Crosby, Stills na Nash, na mwezi uliofuata ukawa sokoni. Mwimbaji mwingine angejisifu kwa ujasiri huo. Yeye kwenye maelezo anakiri kwamba alinufaika na vifo vya wale wanafunzi, na kwamba mpaka wakati anaandika bado haamini kuwa ilimbidi kutunga wimbo wa namna hiyo. Anaongeza kuwa David Crosby alilia walipomaliza kuurekodi. Kampuni gani ingechapisha maneno hayo kwenye jalada kwa hiari yake?

Heart of Gold ndio wimbo uliompa namba moja Marekani mwaka 1972. Anayetaka kuuza angeufungulia nao albamu. Young ameuweka kwenye zamu yake, katikati, akaandika kuwa ulimfikisha katikati ya barabara, akachoka upesi, akageuza kuelekea mtaroni. Huko safari ilikuwa ngumu, ila alikutana na watu wa kuvutia zaidi. Na kweli, hazipiti nyimbo nyingi unaingia The Needle and the Damage Done, kisha Tonight's the Night. Danny Whitten, mpiga gitaa wa kundi lake la Crazy Horse, na Bruce Berry, fundi wa vyombo, wote walikufa kwa dawa za kulevya. Kwa sisi wa Pwani, tuliozika vijana waliomalizwa na unga, ule wa kwanza, wenye dakika mbili tu, hauna ugeni wowote.

Kuna jambo moja nina ugomvi naye. Time Fades Away, albamu ya 1973 iliyorekodiwa jukwaani katika ziara iliyofuata kifo cha Whitten, haina hata wimbo mmoja humu. Ziara ile ilimkera, albamu yake hakuipenda, akairuka. Ndiyo hasara ya kumwachia mwenyewe apange: naye ana vyake vya kuficha. Hata hivyo, pengo aliloliacha mwenyewe linanieleza habari zake kuliko pengo lililoachwa na karani wa kampuni.

Nikiisikiliza huwa namfikiria mzee Hukwe Zawose. Mgogo wa Dodoma, akafundisha chuoni hapa Bagamoyo, ilimba, kinanda cha vidole cha Wagogo, na zeze akizitengeneza kwa mikono yake. Tanzania Yetu na Mateso zilitolewa na Triple Earth ya London. Chibite ya 1996 na Assembly ya 2002, aliyoifanya na Michael Brook, zikatoka Real World, kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Alifariki Desemba 30, 2003. Wapo hapa mjini waliopiga naye miaka mingi, na ukiwakuta wametulia watakusimulia mengi. Mimi ningetaka azipange yeye, akiweka kando ya kila wimbo maneno yake mawili matatu: huu niliimbiwa na nani utotoni, huu wazungu waliupenda mimi sikuupenda. Waimbaji wetu walio hai wasisubiri tanzia. Simu ya mkononi inatosha kumrekodi mtu akizungumzia nyimbo zake.

Sasa mgeni wa Decade aanzie wapi? Asianzie mwanzo, nyimbo tatu nne za kwanza ni za kijana anayejitafuta, na Broken Arrow ina madoido mengi mno kwa masikio yangu. Aanze na Old Man, aliomtungia mzee aliyemkuta akilitunza shamba alilonunua California. Ukimshika, aende Ohio, kisha Cortez the Killer, ambamo gitaa linazungumza dakika tatu nzima kabla mtu hajafungua mdomo. Down by the River na Cowgirl in the Sand aziweke siku ambayo hana haraka na umeme haukatiki. Zinakaribia dakika kumi kila moja, lakini mtu aliyezoea kukesha kwenye ngoma atashangaa zimeisha mapema.