Nimetafuta dawa ya zabibu mtandaoni, nimeletewa mapishi ya keki

SWALI: Habari za kazi, kaka. Mimi ni mama mwenye ekari moja ya zabibu hapa Mpunguzi, Dodoma. Majani yameanza kushika kitu cheupe kama unga. Niliingia Google kwa simu nikaandika "kwa nini zabibu zangu zina unga mweupe na dawa yake ni nini". Nikaletewa faida za zabibu mwilini, mapishi ya keki na matangazo ya tiba asilia. Mdogo wangu huandika maneno mawili matatu tu na anapata anachotaka. Mimi nakosea wapi?

JIBU: Nzuri, dada, na pole kwa hilo la shambani. Google, hata siku hizi inapojifanya inajibu maswali, bado inategemea sana maneno unayoipa. Ukiipa zabibu, unga na dawa, umewaita wote walioandika kuhusu zabibu, unga na dawa, na wengi wao ni wapishi na waganga. Mtafiti au afisa ugani aliyeandika ukurasa unaokufaa hakutumia maneno hayo. Yeye aliandika "ubwiri unga", na dawa za shambani akaziita "viuatilifu". Basi kabla hujaandika chochote, jiulize mwenye jibu lako analiitaje jambo hilo.

Utasema, sasa hilo jina nitalijuaje? Utafutaji wa kwanza uwe wa kutafuta jina tu. Andika magonjwa ya mizabibu, fungua kurasa mbili tatu, zisome harakaharaka ukiokota majina. Utakutana na ndugu wawili wanaochanganywa sana: ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Ingia shambani ugeuze jani. Ubwiri unga hukaa juu ya jani kama limenyunyiziwa unga, na hushika hata matunda. Ubwiri vinyoya huonyesha mabaka ya njano kama yaliyodondokewa mafuta upande wa juu, halafu chini ya jani ndiyo kuna vinyoya vyeupe. Nakuchosha na haya kwa sababu dawa ya salfa inasaidia kwa huyo wa kwanza na kwa wa pili haifui dafu. Ukitafuta kwa jina la ugonjwa usio wako, hata ukurasa mzuri utakupoteza.

Umeona nimeandika mizabibu, si zabibu. Kiswahili chetu hubadilisha mwanzo wa neno, na usitegemee mashine ikuunganishie yote. Jaribu zabibu, mzabibu na mizabibu. Vivyo hivyo kupogoa na upogoaji. Kila umbo linaweza kukufungulia kurasa nyingine.

Kiswahili kikiishiwa, na kwa mambo ya kitaalamu huishiwa mapema, hamia Kiingereza: grape powdery mildew. Au tumia jina la kisayansi, ambalo halibadiliki ukienda nchi yoyote: Erysiphe necator. Machapisho ya zamani yanamwita Uncinula necator, kwa hiyo tafuta kwa majina yote mawili. Ila angalia ushauri umetoka wapi. Ulaya na Afrika Kusini mzabibu hulala wakati wa baridi na huvunwa mara moja kwa mwaka. Ninyi Dodoma mnaweza kuvuna mara mbili. Ukiambiwa "pogoa mwishoni mwa majira ya baridi", huo si ushauri wako. Ongeza neno tropical, yaani la nchi za joto, au tafuta habari za bonde la São Francisco huko Brazili, ambako nako joto huwaruhusu kuvuna zaidi ya mara moja kwa mwaka.

Sasa alama, ambazo nadhani ndizo siri ya mdogo wako. Alama za kunukuu hushika maneno yakiwa pamoja: "ubwiri unga" ikiwa ndani ya alama hizo haitakuletea unga wa ngano. Alama ya kutoa huondoa usichotaka: zabibu -keki -mapishi. Acha nafasi kabla ya hiyo alama, usiache baada yake. Ninayoitumia kuliko zote ni hii:

mizabibu site:go.tz

Hapo unaiambia Google isitoke nje ya tovuti za serikali ya Tanzania. Ukiandika site:tari.go.tz unabaki kwa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo peke yake, yenye kituo chake hapo Makutupora ambacho zabibu ni moja ya kazi zake kuu. Vyuo vikuu vyetu viko ac.tz. Baada ya nukta mbili usiache nafasi; kibodi za simu hupenda kuichomeka zenyewe, ukaishia kudhani mbinu haifanyi kazi. Ukiongeza filetype:pdf utapata vipeperushi na miongozo, ila faili nyingine ni nzito, chunga bando lako.

Kabla ya kubonyeza, soma anwani. Ya serikali huwa na go.tz kabisa mwishoni mwa jina la tovuti, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza unaofuata jina hilo. Ukiona go-tz halafu .com, hiyo ni ya mtu yeyote aliyelipia jina. Matapeli wa ajira na pembejeo wanaishi hapo. Na matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa, ambayo huwekewa alama; yaruke.

Kuna pia yale maelezo yanayotungwa na akili mnemba juu ya matokeo. Kwa kupata jina la ugonjwa yanafaa. Kwa kipimo cha kiuatilifu, hapana. Kipimo soma kwenye lebo ya chupa au pakiti, na ukitaka kujua kama bidhaa imesajiliwa, jina lake litafute pamoja na site:tphpa.go.tz, ambayo ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Salfa yenyewe usipulize jua likiwa kali, huunguza majani.

Ukifungua mwongozo wa kurasa sitini usiusome wote. Bonyeza zile nukta tatu za kivinjari, chagua kutafuta ndani ya ukurasa, andika ubwiri. Faili ikifunguka kwenye programu nyingine, tafuta alama ya lenzi juu. Na yule afisa ugani wa kata yako mtumie picha ya jani, pande zote mbili.