Kabla hujafuta spamu, isome
Kila kundi la wanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, linaloingia ofisini kwetu hapa Kisumu lina kijana wa kufungua folda ya spamu, yaani barua pepe taka, achague zote, afute, ainuke kwenda chai. Wadogo zangu, nisikilizeni.

1. Spamu hupitiwa kwanza. Gmail huzifuta yenyewe baada ya siku 30, kwa hiyo haraka ni ya nini? Kila asubuhi tazama mtumaji na kichwa cha barua, basi.

Hili linaniuma kwa sababu ya kijana mmoja mwenye bidii sana. Karani wa shule moja upande wa Siaya alikuwa akituma vikumbusho vya kotesheni, yaani bei tunayotoa, ya vitanda, leo kimoja, kesho kingine. Kijana alipovichoka akabonyeza kitufe cha kuripoti spamu, akidhani anasafisha meza. Kumbe kitufe kile kinaifundisha Gmail kwamba mtumaji huyo hatakiwi. Kotesheni tuliituma, tukangoja wee, bosi akasema tumeshindwa kwa bei. Kumbe LPO, hati ya shule ya kuagiza vitanda, ilishakuja, ina sahihi na muhuri, imelala kwenye spamu. Tulipoiona, shule ilikuwa imeshachukua vitanda kwa mafundi wa Kibuye. Kijana wa watu alikaa kwenye benchi la nje, mandazi hakuyagusa. Nami namtetea hadi leo: nani aliwahi kumweleza kazi ya kitufe kile? Ukikuta barua halali humo, bonyeza kwamba si spamu, zinazofuata zipate njia.

2. Kiungo cha kujiondoa kwenye orodha ya barua ni kwa kampuni mliyojiandikisha wenyewe. Tapeli ukimbofyia, umemjulisha kuwa anwani ina mtu.

3. Barua za KRA, mamlaka ya kodi: kwenye anwani ya mtumaji soma kilicho baada ya @ hadi herufi ya mwisho. Kra.go.ke ikifuatwa na nukta na neno jingine, hiyo si KRA. Hata ikionekana sawa, usibofye kiungo. Andika anwani ya iTax, tovuti ya kodi ya KRA, kwa mkono wako. Juni ikielekea tarehe 30 na watu wanakimbizana na ritani za kodi, hofu huwafanya wabofye chochote.

4. Msambazaji akiandika kwamba akaunti yake ya benki imebadilika, mpigie kwa namba iliyo kwenye ankara ya zamani, si iliyo ndani ya barua hiyo. Asiposhika simu, malipo yangoje, hata bosi akinuna.